Nyumba ya Shamba, Mkono wa Fundi

Mhadhara uliotolewa Madogo, Kaunti ya Tana River, mbele ya mafundi, akina mama wasusi, walimu na wazee wa mji



Najua wapo waliokuja kwa udadisi tu, wamwone mtu anayethubutu kusimama Madogo, ukingoni mwa Tana, kwenye joto hili, akaeleza habari za nyumba za matajiri wa Uingereza wa karne ya 19. Hawana kosa. Hata mimi ningekuja. Ila nawaomba subira, kwa sababu watu waliozijenga nyumba hizo walikuwa wakibishania jambo ambalo sisi tumelazimika kulifikiria mara mbili kwa muda mfupi: Novemba 2023, kisha Aprili 2024, mto ulipojaa, barabara ikakatika pale Mororo na Kona Punda, watu wakavuka kwa mashua, na familia nyingi zikakaa juu ya mchanga zikijiuliza zitajenga tena kwa kitu gani, na mkono wa nani utajenga.

Nianze na mtu mmoja. William Morris alizaliwa mwaka 1834, mtoto wa tajiri. Sehemu kubwa ya mali ya nyumbani kwao ilitokana na hisa za mgodi wa shaba wa Devon. Uingereza ya ujana wake ilikuwa imeshikwa na viwanda. Kiti, pazia, sahani, kitasa cha mlango, vyote vilitoka kiwandani vimejaa mapambo, na aliyevitengeneza hakujua kutengeneza kitu kizima. Alijua kipande chake tu: huyu miguu ya kiti, yule mgongo wake. Mwandishi John Ruskin, katika kitabu chake kuhusu majengo ya Venice kilichotoka kati ya 1851 na 1853, alishikilia kwamba ukilitazama jiwe lililochongwa utajua kama aliyelichonga aliachiwa kufikiri au alifanywa chombo cha mawazo ya mwingine. Jiwe lililonyooka mno, lenye kufanana na wenzake mia, kwake lilikuwa ushahidi wa utumwa. Morris alikisoma akiwa mwanafunzi Oxford, na hakupona.

Mwaka 1859 alioa, akataka nyumba. Akamwendea rafiki yake Philip Webb, msanifu majengo kijana ambaye hakuwa amewahi kujenga nyumba kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1860 nyumba ilikuwa tayari huko Bexleyheath, Kent, ikaitwa Nyumba Nyekundu, kwa sababu ilikuwa nyekundu. Jina hilo halistaajabishi mpaka ukumbuke kwamba wenye uwezo wa wakati ule walizoea kupiga plasta juu ya matofali na kuipaka rangi ili nyumba idhaniwe ni ya mawe. Webb aliacha tofali lionekane tofali. Paa ni la vigae, refu, la mteremko mkali. Nyumba imepinda kama herufi L, na kwenye pembe ya ua kuna kisima kilichoezekewa paa la kuchongoka. Madirisha hayalingani: dogo liko pale chumba kinapohitaji dogo, kubwa pale kinapohitaji kubwa. Anayepita nje asipopendezwa, shauri yake.

Walipohamia wakakuta madukani hakuna samani wala pazia linaloifaa nyumba hiyo. Wakachora wenyewe, wakachonga, wakatarizi, marafiki wakaja mwisho wa wiki kupaka picha ukutani, na mwaka 1861 mchezo huo ukageuka kampuni. Miaka mingi baadaye Morris alijifunza kutia rangi vitambaa kwa nili, akitumbukiza mikono kwenye pipa mpaka ikawa buluu na kubaki buluu mbele ya wageni wake. Mama zangu mnaotia rangi ukili mnaijua mikono hiyo, na mnajua pia kwamba haijawahi kumfanya mtu awe mashuhuri Tana River.

Morris aliishi katika Nyumba Nyekundu miaka mitano tu. Ilikuwa na baridi, vyumba vingi vikitazama kaskazini ambako jua la Uingereza halifiki, na kwenda na kurudi London kulimchosha. Mwaka 1865 akaondoka, wala hakutaka kurudi kuiona. Wanaoisifu nyumba hiyo hulipita jambo hili haraka. Mimi nalitaja kwa sababu fundi mwaminifu ndiye wa kwanza kukubali kwamba nyumba nzuri imeelekezwa vibaya.

Fikra hizo hazikupata jina mpaka 1887, kilipoundwa chama cha maonyesho mjini London. Maonyesho ya kwanza yakafanyika mwaka uliofuata, na tangu hapo watu wakaiita harakati ya Sanaa na Ufundi. Wakati huo Webb alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na kazi yake iliyoiva kuliko zote ilikuwa bado haijajengwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka 1891 wakili wa London, James Beale, mwenye mke na watoto saba, alimtaka Webb amjengee nyumba ya mapumziko katika kilima kimoja karibu na East Grinstead, kusini mwa Uingereza. Nyumba inaitwa Standen. Ilimalizika mwaka 1894. Katika eneo hilo palikuwa na nyumba ya zamani ya mkulima, yenye mamia ya miaka, pamoja na ghala lake. Msanifu mwingine angeanza kwa kubomoa, maana tajiri anayejenga hapendi kibanda cha mkulima mlangoni pake. Webb aliiacha nyumba ya mkulima ilipo, akaipanga nyumba mpya kandokando yake, akaziunganisha, ili anayeingia aikute ya zamani kwanza na kiwanja chake cha majani. Kwa hiyo jumba la wakili halikuanza na ukurasa mtupu. Lilianza na mtu aliyeishi pale kabla.

Kisha akatazama chini. Kilima chenyewe kina mawe ya mchanga yaliyoshikana, na jiwe la kujengea likachimbwa hapo hapo, nyuma ya nyumba. Matofali na vigae vilikuwa vya wilaya ile. Ukuta mmoja ni wa jiwe, mwingine wa tofali, mwingine umevishwa vigae, mwingine mbao, mwingine plasta ya kokoto, kila kimoja kikiwa kitu ambacho mafundi wa vijiji vya jirani walikuwa wamekizoea toka kwa baba zao. Ukiitazama toka mbali utadhani ni nyumba tano zilizokua pamoja kwa miaka 300. Kuna mnara juu yake. Wageni wengi hudhani ni pambo, kumbe ulijengwa ubebe tangi la maji. Nani hapa hajaona tangi juu ya nguzo? Webb alilijengea lake kuta.

Jambo jingine ambalo vitabu vya picha havilitilii maanani: Webb alichora jiko na vyumba vya watumishi kwa uangalifu ule ule aliochorea sebule. Alijali mabomba ya moshi, mifereji ya maji machafu, mahali jua litakapomfikia mpishi. Na hakuukataa wakati wake. Standen ilikuwa na taa za umeme toka siku ya kwanza, nyingi zikiwa za shaba zilizobuniwa na William Benson, aliyekuwa na kiwanda chenye mashine bila kuona aibu. Nasisitiza hili kwa vijana wanaosikia neno ufundi wakafikiri ni kukimbilia zamani. Binti wa mwisho wa Beale, Helen, aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1972, akairithisha shirika la kuhifadhi mali za taifa, na leo mtu hulipa kiingilio aone jiko la babake.

Sasa lile gumu. Nyumba kama hiyo ilikuwa ya nani? Kazi ya mkono huchukua muda, muda ni fedha, na mwenye fedha alikuwa wakili, mwenye kiwanda cha chuma, mwenye meli. Webb na Morris walifanya kazi katika jumba la Rounton Grange, la tajiri mmoja wa chuma, na imesimuliwa kwamba Morris alikuwa akizunguka vyumbani mwake akinung'unika kwa sauti, na alipoulizwa kulikoni alijibu kwa hasira kwamba anapoteza maisha yake kuhudumia anasa ya matajiri. Mwaka 1883 akajiunga na wasoshalisti, akaanza kuhutubia barabarani. Jumba lile lenyewe lilibomolewa katika miaka ya 1950.

Na fedha zilizomwezesha kuwa na dhamiri? Mgodi wa Devon, shaba ilipopungua, uliishi kwa kuuza aseniki, sumu ambayo ilitumika kutengenezea rangi ya kijani. Rangi hiyo ilikuwamo katika baadhi ya karatasi za ukutani za kampuni ya Morris mwenyewe. Alikaa katika bodi ya mgodi huo mpaka 1875. Simtaji ili nimvunjie heshima. Nampenda mtu huyu. Nataka tu tuelewe kwamba uzuri wa ukuta hauonyeshi aliyeugua ili uwepo.

Je, nyumba za namna hiyo zilifika kwetu? Zilifika, zikiwa zimebadilika njiani. Nchini Kenya jamaa yake wa karibu anayejulikana na wengi ni ile nyumba iliyo chini ya vilima vya Ngong, Mbogani, iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Sweden aliyeitwa Åke Sjögren. Karen Blixen wa Denmark na mumewe Bror waliichukua mwaka 1917. Ni nyumba ya chini, ya mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, varanda ndefu ya kukalia jioni, na ndani kuta za chumba cha kulia zimevishwa mbao nyeusi. Haijitutumui. Imelala chini, ikaviachia vilima vitawale. Fundi wa shule ya Webb asingeikana. Shamba lilikuwa la ekari 6,000 hivi, 600 zikiwa za kahawa, katika mwinuko uliokuwa mkubwa mno kwa kahawa. Mwaka 1931 liliuzwa, mama akarudi kwao, na miaka sita baadaye akachapisha kitabu kilichoifanya nyumba hiyo ijulikane duniani. Wakati wa uhuru serikali ya Denmark iliinunua na kuizawadia Kenya, na tangu 1986 ni makumbusho.

Watu wa upande huu wana sababu yao ya kuijua. Msimamizi wa nyumba hiyo, aliyeshika funguo, fedha na siri zote, alikuwa Msomali, Farah Aden. Familia yake iliishi pale shambani: mkewe, mama mkwe, shemeji. Kitabu kinawasifu kwa kurasa nyingi. Lakini nenda Mbogani leo ukaone ni mlango wa nani umehifadhiwa.

Na ardhi ile haikuwa ukurasa mtupu. Wakikuyu walioishi na kulima humo walifanywa maskwota juu yake, na sheria ya 1918 ikawataka wamfanyie mwenye shamba kazi zisizopungua siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Webb aliikuta nyumba ya mkulima akaijengea heshima. Hapa, umbo la nyumba lilisafiri, paa na varanda na mbao zikafika salama, lakini ile adabu ya kuanza na aliyekuwapo iliachwa bandarini. Huo ndio uamuzi wangu juu ya nyumba za walowezi zilizojengwa kwa ladha hiyo toka Limuru mpaka Naivasha. Nyingine ni nzuri sana. Uzuri wake nausifu kama ninavyosifu hati nzuri ya barua nisiyokubaliana nayo.

Kabla ya kurudi nyumbani nipite Lamu, maana wapo watakaosema mfano bora uko huko, na wana haki. Katika nyumba za mawe za Lamu vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au tatu. Wageni hudhani ni mila. Ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kulegea. Mti ukaamua upana wa chumba, chumba kikaamua mpangilio wa kitanda, na fundi wa plasta, aliyenyimwa upana, akamwaga ubingwa wake wote kwenye ukuta wa vidaka. Ruskin angelia machozi. Kwa fundi wa Lamu ilikuwa kazi ya kawaida.

Sasa tuko Madogo. Hapa hakuna jumba la wakili. Ila nawauliza: ile nyumba ambayo Morris aliitafuta maisha yake yote, ambayo anayeiishi ndiye anayeijenga, aliyeijenga ndiye aliyeifikiria, na kila kitu chake kimetoka umbali wa kutembea kwa miguu, iko wapi? Nenda kwa Waorma. Fito hukatwa, hupindwa, hufungwa kwa kamba, kisha nyumba ikavishwa mikeka na nyasi. Mjenzi ni mwanamke. Nenda kwa Wasomali wa ng'ambo ya mto na wa huku, nyumba yao, herio, ni hivyo hivyo: mama na jamaa zake wa kike ndio walioisuka, ni mali yake, na siku ya kuhama anaifumua, anaipakia juu ya ngamia, anaijenga tena kule malisho yaliko. Wapokomo nao walikuwa na nyumba zao za mviringo zilizoezekwa nyasi toka chini mpaka kileleni, wakichagua kwa makini ule mwinuko wa ukingoni ambao mto wenyewe uliujenga kwa udongo wa mafuriko ya zamani. Mkoma na ukindu, fito na udongo wa mto. Hakuna aliyeenda Hola, makao makuu ya kaunti, kuomba ramani.

Lakini sitaki niwadanganye kwa sifa. Kazi hiyo ya mama ilikuwa nzito na haikulipwa. Mikeka inaoza, nyasi zinashika moto, mchwa hali siku ya mapumziko. Na nyumba ile ilikuwa nusu tu ya mpango. Nusu ya pili ilikuwa kuhama. Mto ukijaa, ulikuwa umekwisha kuondoka. Leo shule iko hapa, kituo cha afya kiko hapa, duka liko hapa, barabara ya Nairobi kwenda Garissa inapita hapa, na hatuwezi kuuhamisha mji juu ya ngamia. Anayewaambia akina mama warudi kwenye mikeka mara nyingi yeye mwenyewe analala chini ya feni.

Basi tumeweka mabati. Naelewa kwa nini. Bati linafika kwa lori, fundi analipiga kwa siku moja, mvua haipiti. Ila kuanzia Februari, joto linapopita nyuzi 35, chumba cha bati kisicho na dari hakikaliki mchana, na mama anatoka kukaa chini ya mti akisubiri nyumba yake ipoe. Tazama pia zinavyojengwa: paa limekatwa sawa na ukuta, upenu hauzidi kiganja, dirisha dogo limeelekezwa barabarani kwa sababu mlango wa jirani nao umeelekea barabarani. Ni ramani moja inayotumika Thika, Mwingi na Madogo. Baada ya mafuriko, msaada nao huja na turubai la aina moja na mabati ya kipimo kimoja, na hakuna anayemuuliza mwenye nyumba jua linapita wapi au mwaka 1997, wakati wa El Nino, maji yalifika wapi. Wazee mliokaa mbele hapa mnajua yalifika wapi. Mnaweza kwenda sasa hivi mkaonyesha kwa fimbo.

Hicho ndicho Webb alichokifanya Standen kabla ya kuchora mstari hata mmoja: aliuliza nani alikaa hapa, alikaa wapi, na ardhi inatoa nini. Fedha nyingi za Beale ziliingia baadaye, kwenye mbao na shaba. Maswali yalikuwa ya bure.

Nilifanye la mwisho kuwa la vitendo, kwa sababu naona mafundi wameanza kutazama saa. Ardhi yetu inatoa nini leo? Mkoma umepungua kwa kukatwa. Kilichojaa ni mti wa mathenge. Uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia upepo, ukafunga malisho, ukaziba njia za maji. Wenzetu wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kuula akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Sisi tunauchoma makaa, basi. Lakini kiini cha mathenge ni mti mgumu, mzito, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Ile sehemu nyeupe ya nje ndiyo inayoliwa na dumuzi, nayo inaweza kuondolewa. Kasoro yake ni kwamba haunyoki na ni nadra kuupata mrefu. Seremala anayetaka boriti ya mita nne atauacha. Ila Lamu imetufundisha kwamba mti mfupi si sababu ya kutojenga, na akina mama wa Kiorma wanajua tangu zamani namna ya kubeba paa kwa miti iliyopinda. Sijaona bado nyumba ya Madogo iliyochukua tao la mama wa Kiorma, ikalijenga kwa mathenge uliochunwa, ikaweka bati juu na mkeka chini ya bati uzuie joto, upenu ukashuka mita nzima, sakafu ikainuliwa kwa kipimo cha fimbo ya mzee. Sijui itagharimu kiasi gani, na dumuzi huenda akanicheka. Anayejua kupinda fito na anayejua kupiga kenchi wanaishi mtaa mmoja hapa, ila mmoja huitwa fundi na mwingine huitwa mama fulani, na kwenye mkutano wa ujenzi mpya anayealikwa ni mmoja.

Namwona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja dumuzi. Mpeni kipaza sauti.